Laptopu ya mwanafunzi hapa Lamu: ThinkPad X270 ya mtumba na programu nilizoitia

Mzazi akiingia saibani kwangu hapa Langoni kuulizia laptopu ya mtoto, kwanza huuliza bei, kisha huuliza kama ni mpya. La bei namjibu palepale. La upya namwambia avute kiti kwanza. Kwa pesa walizo nazo wengi wetu, baina ya Sh15,000 na Sh30,000, laptopu mpya ndiyo ya kuogopa.

Hizo mpya za bei hiyo huletwa mezani kwangu zikiwa hoi, nazijua hadi matumbo. Kwa nje zinavutia: nyembamba, rangi ya fedha au waridi, kioo cha inchi 14, kibandiko cha Windows 11 pembeni. Ndani utakuta prosesa ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, chipu ya kuwekea mafaili, ya GB 64, vyote vimelehemewa kwenye bodi. Windows ikishajitandaza na kupakua masasisho yake, nusu ya hifadhi imekwenda. Mtoto akitia Office, picha za safari ya shule na video kadhaa za hesabu, mashine inaanza kulia haina nafasi, masasisho yanagoma, na ukibonyeza faili ya Word waweza kwenda kununua mahamri ukarudi haijafunguka. RAM huongezi, diski hubadilishi. Na zile za GB 32 ambazo bado zinazunguka madukani, mwambie muuzaji shukran uendelee na safari yako.

Pesa hizohizo zinanunua mashine ya ofisini iliyokwisha kutumika. Makampuni ya Ulaya hubadilisha laptopu zao kila baada ya miaka michache, zile za zamani zikauzwa kwa jumla, na ndizo hizi zinazofika Nairobi na Mombasa kwa jina la ex-UK. Zilitengenezwa fundi wa kampuni aweze kuzifungua, abadilishe kilichoharibika, azifunge tena kazi iendelee. Kwa mtu anayeishi kisiwani hilo ni jambo kubwa.

Binti ya kaka yangu yuko kidato cha tatu na somo la Kompyuta amelichukua. Nilimchagulia Lenovo ThinkPad X270. Ni toleo la 2017, kioo cha inchi 12.5, uzito kama kilo moja na nusu hivi ukiwa na betri zake. Ya kwake ina prosesa ya Core i5, RAM ya GB 8 na SSD, ile diski ya haraka, ya GB 256. Dukani Nairobi ilikuwa Sh22,000 pamoja na chaja, ikapakiwa kwenye basi hadi Mokowe, na kutoka Mokowe ikavuka kwa boti. Kwa upande wa mwendo haina kulalamikiwa: inawaka haraka, inafungua kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja, na video za masomo hazikwami. Sitaendelea kuisifu kwa hilo, kwa sababu karibu kila laptopu ya ofisini yenye SSD na GB 8 itafanya vivyo hivyo. Iliyonifanya niichague hii ni betri.

X270 ina betri mbili. Moja imefichwa ndani, nyingine inachomekwa nyuma na unaitoa kwa kusukuma vikufuli viwili vya chini. Mashine inatumia ya nyuma kwanza, na hiyo ikiisha unaweza kuichomoa na kuchomeka nyingine bila kuzima, kwa kuwa ile ya ndani inaishikilia. Stima ikikatika magharibi, na hapa hukatika, mtoto anabaki na kazi yake kwenye kioo. Tena betri ya nyuma ikifa kabisa hakuna haja ya fundi: unaagiza, inakuja kwenye bahasha, mtoto mwenyewe anaichomeka. Kwenye laptopu nyembamba za siku hizi betri imebanwa ndani, na ikianza kuvimba huinua padi ya kipanya mpaka kifuniko kikakataa kufunga. Nimeziona hizo, na sizipendi mikononi mwa mtoto.

Ina pia tundu la USB-C linaloweza kuichaji, mbali na tundu lake lile la mstatili. Kwangu hilo lina thamani, kwa sababu tundu la chaja ndilo ugonjwa namba moja wa laptopu za wanafunzi. Wanasomea kitandani, waya unavutwa, tundu linalegea. Hapa likilegea moja lipo la pili. Ila chaja ya simu ya kawaida haitoshi, inataka chaja ya laptopu ya USB-C, ya wati 45 au zaidi.

Kibodi ndiyo nzuri kuliko zote nilizopata kuandikia kwa bei hii. Vitufe vina kina, havitelezi, na imejengwa kustahimili kumwagikiwa kidogo. Lakini yeyote anayenunua ex-UK ajue jambo moja kabla mtoto hajaanza kulia: kibodi ni ya Kiingereza cha Uingereza, na mpangilio wake si ule wa kompyuta nyingi za shule. Alama ya @ iko karibu na Enter, pale tulipozoea alama za kunukuu, na alama za kunukuu ziko juu ya 2. Juu ya 3 kuna alama ya pauni. Muuzaji akikuwekea Windows na kuacha mpangilio wa Kimarekani, unabonyeza hiki kinatokea kile, na mtoto anashindwa hata kuandika anwani ya barua pepe. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, chagua kibodi ya Uingereza, mambo yatakaa sawa. Binti yetu alikwisha kuzoea ile ya shule, akaniambia, “Shangazi, weka ya Kimarekani, mimi siangalii vitufe.” Kweli haangalii. Nimemwachia.

Sasa nije kwenye adui wa hapa, maana ndiye anayeua laptopu za Lamu kuliko virusi. Ni chumvi. Aliye Nairobi au Nakuru aruke aya hizi, aliye Lamu, Malindi au Watamu asome polepole.

Hivi karibuni nilifungua mashine iliyoletwa kutoka Shela, laptopu nzuri ya mtoto wa gredi ya nane, mahali pake nyumbani palikuwa kwenye dirisha linalotazama bahari. Nje ilikuwa safi kabisa. Nilipotoa kifuniko cha chini, vichwa vya skurubu vilikuwa vimegeuka rangi ya chai, na pini za betri zimevaa unga wa kijani. Waya bapa wa kibodi ulikuwa na doa jeusi pale unapoingia kwenye bodi, ndiyo sababu safu nzima ya vitufe ilikuwa haiitikii. Hakuna maji yaliyomwagika humo. Ni upepo tu. Chembe za chumvi zinaingia na hewa, zinatua kwenye bodi, na chumvi kwa tabia yake inavuta unyevu, kwa hiyo bodi hukaa na utando wa maji hata siku ambayo wewe unaona hewa ni kavu. Umeme ukipita juu ya utando huo, shaba inaanza kuliwa. Ile nilisafisha kwa mswaki laini na spiriti, ikarudi, lakini doa la waya lilibidi waya mwingine.

Ndiyo maana nasisitiza mashine inayofunguka. X270 unalegeza skurubu za kawaida za chini, unazungusha kadi ya plastiki ukingoni kuachia vishikio, na kila kitu kiko mbele yako: RAM kwenye tundu lake, SSD, feni, betri ya ndani. Naifungua, napuliza vumbi la chokaa la kuta zetu, naangalia pini, nafunga. Ina feni, na hiyo ni kasoro kwa huku kwa sababu feni inavuta hewa ile ile ya chumvi. Laptopu nyingi za wanafunzi za inchi 11.6, zile zenye ukingo wa mpira kama Dell Latitude 3190, hazina feni, na kwa hilo zinaishinda. Zinashindwa kwa nguvu: prosesa zake ni dhaifu. Kwa mtoto wa msingi zinatosha.

Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake aliniuliza, “Mwanangu, na mayi ya bahari ukivuka nayo je?” Swali zuri. Kusi ikivuma, kuvuka Mokowe ni kurushiwa maji mpaka usoni, na wanafunzi wanaotoka Pate na Faza husafiri zaidi ya hapo. Mkoba wa shule hauzuii kitu. Tia laptopu kwenye mfuko mzito wa plastiki, funga mdomo, ndipo uitie mkobani, na mkoba uwe mapajani, usiwe chini kwenye maji ya ngama. Nyumbani isikae dirishani wala juu ya dari usiku. Ikae kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na itumike. Mashine inayowashwa kila siku hupata joto la kufukuza unyevu. Ile inayofungiwa kabatini ihifadhiwe kwa ajili ya mtihani ndiyo ninayoletewa imekufa.

Kioo ndicho kibaya cha X270, na hapa sitaipamba. Nyingi zinazokuja zina kile cha pikseli 1366 kwa 768, rangi zake zimefifia, ukikitazama kwa pembeni kinakuwa cheusi. Kwa kusoma na kuandika kinatosha. Ukikaa nayo barazani mchana utajiona uso wako. Zipo X270 zenye kioo bora cha 1920 kwa 1080 cha IPS, kisichofifia ukikitazama kwa pembeni. Ukiipata kwa kuongeza elfu mbili au tatu, ongeza.

Kila nikikosa kuona kioo juani naikumbuka ile laptopu ya kijani na nyeupe, XO ya mradi wa One Laptop per Child. Mwanzilishi wa mradi, Nicholas Negroponte, aliitangaza mwaka 2005 kwamba itauzwa dola 100. Ilipotoka 2007 ilikuwa karibu mara mbili ya hapo, na prosesa yake ilikuwa ya kujikokota hata kwa wakati ule. Lakini ilikuwa na kioo kidogo cha inchi 7.5 kinachosomeka kwenye jua kali, na kibodi ya mpira iliyozibwa isipitishe maji wala vumbi. Mtu aliyeichora alimfikiria mtoto aliye nje ya nyumba. Mwaka uleule Asus wakatoa Eee PC, laptopu ndogo za bei rahisi zikawa biashara, na vioo vya juani vikasahauliwa. Huku kwetu ahadi ya laptopu za darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, na kilichokuja kufika shuleni kuanzia 2016 kilikuwa tableti. Wazazi wanaoniletea pesa zao leo wengine ndio walioisubiri ahadi ile.

Kabla ya kutuma pesa yoyote, haya ndiyo ninayomtaka muuzaji anionyeshe kwa video ya WhatsApp, na asiyetaka namwacha. Awashe mashine akibonyeza F1. Ikiomba nenosiri kabla ya kuingia kwenye mipangilio ya ndani, hiyo imefungwa na kampuni iliyokuwa nayo, na nenosiri hilo halifutiki kwa kufomati. Aonyeshe ripoti ya betri: kwenye Windows unaandika powercfg /batteryreport, na ripoti inatoa uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake sasa. Betri iliyobaki na chini ya nusu, bei ishuke. Afungue na kufunga kifuniko nisikie bawaba. Aandike kwa kila kitufe. Mwisho anionyeshe kioo cheupe kitupu, nione madoa. Duka moja la Nairobi liliniletea mashine yenye RAM ya GB 4 wakati tuliandikiana 8, wakasema nyingine “itafuata na basi.” Mpaka leo iko njiani. Sasa nalipa baada ya video, na nauli ya kurudisha tunaizungumza mapema.

Chromebook, zile laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, nazo zinaulizwa sana, kwa sababu unaipata hata kwa Sh8,000. Nyingi zinatoka shule za Marekani. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kila Chromebook ina tarehe ya mwisho wa masasisho. Ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya “About ChromeOS”, utaiona. Google wameongeza muda kuwa miaka kumi kwa zilizotoka 2021 na kuendelea, lakini za bei hiyo mara nyingi ni za zamani na tarehe yake imepita. La pili ndilo baya zaidi: kama shule ile haikuiondoa kwenye mfumo wake, ukiiunganisha na intaneti inakuandikia kwamba inasimamiwa na shule fulani ya huko, inadai anwani ya barua pepe ya shule hiyo, na hapo hapana pa kupita. Kufomati hakusaidii. Niliyoletewa ya namna hiyo inakaa rafuni hapa, nzima, haina kazi. Hata iliyo wazi, Chromebook inaegemea intaneti, na bando la nyumba nyingi za hapa ni la simu ya mama.

Tuje kwenye programu, maana mashine tupu haifundishi.

Tuanze na ukweli wa mtihani. Somo la Kompyuta la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, lina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo na mradi. Kwenye vitendo, mwanafunzi hukutana na maneno, majedwali, hifadhidata na uchapishaji, na mashuleni hayo hufundishwa kwa Word, Excel, Access na Publisher za Microsoft. Wapenzi wa programu huru, na mimi ni mmoja wao, husema LibreOffice, ile ya bure inayofanya kazi za Office, inatosha. Kwa Writer na Calc, yaani maneno na majedwali, inatosha kabisa. Kwa hifadhidata haitoshi: Base ya LibreOffice ina njia zake, na mtoto aliyefanya mazoezi humo atapotea mbele ya Access siku ya mtihani. Office ya bure ya mtandaoni nayo haina Access. Na Publisher yenyewe Microsoft wametangaza kuiacha mwezi Oktoba 2026, huku KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 ikitarajiwa 2027. Walimu wana kazi.

Kwa hiyo SSD ya binti yetu nimeigawa mara mbili. Upande mmoja Windows 10 na Office halali iliyokuwa nyumbani, kwa ajili ya Access na Publisher tu, na upande huo hauunganishwi na intaneti. Sababu ni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. X270 ina ya sita au ya saba. Maduka yanaiweka Windows 11 kwa kupitia dirishani, na inafanya kazi, ila Microsoft hawakuahidi mashine hiyo kitu. Mtu anayeitaka Windows 11 kihalali atafute HP EliteBook 830 G5 au Dell Latitude 7290, zile zenye prosesa ya kizazi cha nane, na awe tayari kuongeza pesa.

Office ya kukraki sisemi nayo kwa upole. Fundi anakuwekea kwa Sh500, na kile kijiprogramu cha kuifungua kinakutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Baada ya hapo flashi yoyote ikichomekwa, mafaili yote yanageuka njia za mkato na mwanafunzi anakuja kwangu analia mradi umepotea. Kwa kawaida haujapotea, umefichwa, na naurudisha. Lakini si lazima tuishi hivyo.

Upande wa pili ni Linux Mint 22, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ambayo itapata masasisho mpaka 2029. Ni bure, haihitaji mashine ya nguvu, na virusi vile vya flashi vinakufa hapo. Unaweza kuijaribu kwanza ukiwa umeiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jambo ninalolipenda kuliko yote: haipakui masasisho kwa siri. Windows ikipewa hotspoti ya simu bila kuambiwa kwamba ni intaneti ya kupimiwa, usiku mmoja bando la wiki limekwisha. Mint inaonyesha alama pembeni na inasubiri umwambie ndiyo, nami nawaambia watoto waje wasasishe hapa saibani.

Nikiwa mchapishaji nitoe na ushauri wa LibreOffice: kazi ya kuchapishwa ihifadhiwe kama PDF kabla ya kuletwa. LibreOffice haina herufi za Calibri, huweka Carlito badala yake, na ijapokuwa vipimo vyake vinalingana, jedwali likisogea kidogo tu kwenye Word yangu, kurasa nne zinakuwa tano. Watoto wanafikiri nimewaongezea ukurasa nile pesa.

Kilichobadilisha masomo ya nyumba ile kuliko mashine yenyewe ni Kolibri. Ni programu ya bure ya Learning Equality, iliyotengenezwa kwa mahali pasipo na intaneti. Unapakua masomo mara moja penye mtandao mzuri, halafu hayahitaji bando tena. Nimemwekea hesabu na sayansi za Khan Academy, majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, na kwa wadogo zake hadithi za African Storybook, ambazo nyingine ziko kwa Kiswahili. PhET ndiyo niliyoona ikimkamata: anajenga saketi ya umeme kwenye kioo, anaongeza betri, anaona taa inang'aa na chembe zinakimbia kwenye waya, na ile kanuni ya Ohm aliyokuwa akiikariri tu sasa anaichezea. Tena laptopu moja yenye Kolibri inaweza kuwahudumia wengine: simu na tableti zikiunganishwa kwenye wifi moja, zinafungua masomo yaleyale kwa kivinjari. Jioni utawakuta watoto wa jirani ukumbini, kila mmoja na simu ya mzazi wake. Kasoro yake ni kwamba masomo hayafuati silabasi ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, mada kwa mada, na sehemu kubwa ni Kiingereza. Mtu mzima akae aorodheshe kipi kinalingana na kipi.

Kiwix nimeiweka kwa ajili ya Wikipedia bila intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo, inaenea kwenye flashi. Ya Kiingereza yenye picha zote ni kubwa mno kwa SSD hii, kwa hiyo nilichukua isiyo na picha. Ya kufundishia kuandika programu ni Thonny, kwa Python, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Ni nyepesi na inamwonyesha mwanafunzi hatua kwa hatua kila mstari unafanya nini. Scratch ya MIT, ya watoto kuandika programu kwa kuunganisha vipande, haina toleo rasmi la Linux, kwa hiyo kwenye Mint tunatumia TurboWarp, ambayo inafungua mafaili yaleyale ya Scratch. Mdogo wake wa gredi ya tano ametengeneza mashua inayokwepa miamba. Imekwama kwenye alama, haihesabu, na hataki nimsaidie.

Kwa watoto wa chini ya hapo singenunua mashine ya Sh22,000. ThinkPad X230 ya 2012 bado inapatikana kwa bei ya chini zaidi, ni nene na nzito kidogo lakini ni ngumu, na ukiitia Mint na GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia, wanajifunza kutumia kipanya, kuhesabu na kuchapa bila kuhitaji chochote cha mtandaoni. Hiyo hata ikianguka kwenye ngazi za nyumba zetu, moyo hausimami.

Betri ya nyuma ya X270 yetu ilikuja imechoka, ripoti ilionyesha hivyo na bei ilishushwa kwa hilo, kwa hiyo nimeagiza nyingine, ile nene ya Wh 72. Itainua mashine nyuma kidogo na kuongeza uzito, na nina wasiwasi na zile zisizo za Lenovo zinazouzwa kwa jina hilo. Ikifika nitaipima kwa ripoti ileile, na nitaandika inamfikisha binti yetu saa ngapi stima ikiwa imekatika.